Theluji ya Jana

Somo: Ayubu 6:14–21

Jumamosi iliyopita, mnamo saa tano asubuhi, nilikuwa kwenye ua wa kanisa letu hapa Tononoka pamoja na watoto wa shule ya Jumapili, sote tumeinamia sinia mbili. Kila sinia ilikuwa na kipande cha barafu. Nilivinunua kwa kijana anayewapelekea wachuuzi wa samaki barafu kwa mkokoteni, naye akavikata kwa msumeno kutoka gogo moja ili visipishane ukubwa. Cha kwanza tulikinyunyizia vumbi la makaa kutoka kwenye jiko la mama anayetupikia chai, mpaka kikawa cheusi kama kitako cha sufuria. Cha pili tulikiacha safi, na binti mmoja akapewa kazi ya kukwangua barafu nyingine kwa kijiko, akifunike kwa unga ule mweupe kila ulipoanza kulowa. Kisha tukaliachia jua la Mombasa.

Halikukawia. Kile cheusi kikaanza kutoboka vitundu, kila punje ya makaa ikijichimbia shimo na kuzama ndani yake. Chai ilipoiva kilikuwa kimebaki kigae chembamba kinachoelea kwenye maji machafu. Kile cheupe bado kilikuwa na mabega yake. Hapo mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida husikika mara moja kwa mwezi, akatoa hukumu: "Pasta, hiyo si haki. Hicho kinaongezewa."

Nilicheka, nikamwambia kwamba neno lake ni kubwa kuliko muda tuliobakiwa nao. Tafakari ya wiki hii ni jibu langu kwake.

Tuanze na Ayubu. Tumezoea kumsoma kama mtu wa vidonda na majivu, tukasahau kwamba aliijua theluji. Katika sura ya sita, akiwa ameelemewa, anawageukia rafiki zake na kuwafananisha na kijito cha milimani. Wakati wa baridi kijito hicho kimefurika, barafu imeyatia maji weusi, na theluji imejificha ndani yake. Ukikiona siku hizo utasema hapa hapatakosekana maji maisha. Majira yakigeuka, jua likiwaka, kinatoweka palepale. Misafara ya Tema na wasafiri wa Sheba wanaiacha njia yao ili wakifuate, wakikumbuka walivyokiona safari iliyopita. Wanafika wanakuta mawe. Kinachowauma, asema Ayubu, ni kule kutumaini kwao.

Mtu wa Tononoka hahitaji mfasiri hapo. Nani kati yetu hajaamka saa kumi usiku kufungua bomba kwa sababu juzi lilitoa maji saa hizo, bomba likamjibu kwa kukohoa upepo?

Lakini tuwatendee haki rafiki zake Ayubu. Sura ya pili inasimulia kwamba waliposikia habari walitoka kila mmoja kwao, wakalia kwa sauti, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kutamka neno. Nimehudhuria matanga mengi, na sijapata kuona mtu aliyekaa sakafuni kimya siku saba. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuja wamejaa kama kijito cha masika. Walichokosa ni siku ya nane.

Theluji si habari ngeni kwetu pwani kama tunavyodhani. Habari zake za kwanza kufika Ulaya kutoka kwa mzungu aliyeiona Kilimanjaro kwa macho yake zilianzia hapa jirani, Rabai. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa shirika la kimisionari la CMS, alifika mwaka 1846 kuungana na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani, aliona juu ya mlima kitu cheupe, akakidhania wingu. Kiongozi wa njia akauita ule weupe kwa neno moja tu: baridi. Rebmann, aliyekulia nchi ya theluji, akaelewa. Habari zilipochapishwa Ulaya, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekaa London na ramani zake, alizikataa na kumkejeli kwa miaka. Theluji karibu na ikweta? Huyo mhubiri macho yamemdanganya.

Wachaga walikuwa wamekwisha kuuchunguza weupe ule zamani. Rebmann alisimuliwa kwamba watu waliwahi kupanda kuichukua ile iliyong'aa kama fedha. Wakaitia chomboni, wakashuka nayo, na walipofika chini wakakuta wamebeba maji.

Siku hizi wanaopanda ni watafiti, wenye mahema na vipimo, na swali lao ni lile la sinia zetu: barafu hii inamalizwa na nini? Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Jibu linalotujia mdomoni ni joto. Na joto limo: dunia inapata joto, na kwenye milima isiyofika kimo cha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kama Mlima Kenya na Ruwenzori, kazi yake inaonekana waziwazi. Lakini Kibo kina mita 5,895. Hewa ya pale juu, kwa wastani wa mwaka, ni kama digrii 7 chini ya sifuri. Katika hewa ya namna hiyo barafu ingepaswa kustarehe, na bado inakwisha.

Inaliwa na mengi kwa pamoja. Liko jua lenyewe, ambalo linaweza kuchoma hata hewa ikiwa ya baridi. Barafu ya Kibo ina kuta zilizosimama wima kama za Fort Jesus, na jua linazipiga ubavuni. Uko ukavu: hewa ikiwa kavu, barafu haingoji kuwa maji, hupaa moja kwa moja ikawa mvuke. Njia hiyo hutumia nishati karibu mara 8 ya ile ya kuyeyusha, kwa hiyo barafu huondoka polepole, bila tone kuonekana, na asubuhi mlima umepungua na hakuna aliyeona kitu kikitiririka. Yako mawingu, ambayo yakipungua kivuli nacho kinapungua. Na kuna uchafu. Theluji iliyoanguka leo hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Ikishachakaa na kuingiwa na vumbi, huweza kumeza nusu ya mwanga huo na zaidi. Ndivyo makaa yetu yalivyofanya kwenye sinia, makaa ambayo juzijuzi yalikuwa mti mahali fulani.

Lililonikalisha kitako ni jambo jingine. Watafiti wengi walioikagua Kibo wanasema dhiki yake kubwa ni kukosa theluji mpya. Mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka ikawa kavu zaidi, na tangu hapo masika na vuli hazikuleta tena kifuniko cha kutosha. Barafu isiyofunikwa hubaki uchi. Weupe wake huchujuka, na kadiri unavyochujuka ndivyo inavyokunywa jua, na kadiri inavyokunywa jua ndivyo inavyozidi kuchujuka. Kwa hiyo yale mabonge makubwa, marefu kuliko nyumba, yalikuwa yakiishi kwa hisani ya ngozi nyembamba iliyoanguka juzi na jana.

Mwanangu, uliona sawasawa. Kinaongezewa. Ukubwa wake haukukisaidia kitu, wala ukale wake. Kilichokiweka ni kijiko.

Na kijiko hicho, kwa Kibo, hujazwa upande wetu. Unyevu wa masika na wa vuli unatoka Bahari ya Hindi. Mwaka ambao maji ya upande huu wa bahari yamepata joto kupita kawaida, vuli huwa nzito, barabara za Mombasa hujaa maji, na Kibo huvaa koti jipya. Mvua inayotulowesha Makupa na theluji inayoanguka kileleni ni watoto wa mama mmoja.

Sasa niseme langu.

Mama mmoja wa ushirika wetu alifiwa na mumewe. Siku ileile ikafunguliwa grupu ya WhatsApp, na kufikia jioni tulikuwa zaidi ya watu 180. Michango ikamiminika kwa M-Pesa, mweka hazina akituma orodha kila usiku. Turubai likafungwa, viti vikaletwa, kwaya ikaimba, basi likajaa mpaka ushago. Mimi ndiye niliyehubiri kaburini. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba kanisa halitamwacha, na watu wakaitikia amina mpaka migomba ikatikisika. Tuliporudi Mombasa, mweka hazina akatuma hesabu ya mwisho na shukrani. Halafu ikaanza ile mistari midogo ya kijivu ambayo kila mwenye simu anaijua. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Amelefti, kama wasemavyo vijana. Mama yule alinieleza baadaye kwamba alikuwa akiisoma usiku, peke yake, ikidondoka mmoja mmoja, na kwamba hakumlaumu mtu kwa kuwa shughuli ilikuwa imekwisha.

Siku ya nne nilitoka mimi. Simu yangu ilikuwa imejaa picha.

Nilikwenda kumwona miezi minne baadaye. Wiki hiyo mabomba ya mtaa yalikuwa makavu, na njia nzima kutoka uwanja wa Tononoka nilipishana na mikokoteni ya maji. Nikajiambia angalau nitamnunulia madumu mawili, niwe nimefanya kitu. Nilipofika nikakuta dumu limekwisha kusimama mlangoni, limejaa, limefunikwa. Nikamwuliza bei ya maji siku hizi ni ngapi. Akasema hajui, maana hanunui. Huletewa na bi mkubwa wa mlango wa pili, Mwislamu, ambaye ana kisima uani kwake. Tangu tuliporudi mazishini, bi mkubwa humtuma mjukuu wake kila siku baada ya sala ya Alfajiri. Siku nyingine ni dumu la maji. Siku nyingine ni mahamri mawili yaliyofungwa kwenye gazeti. Siku nyingine mtoto huja mikono mitupu.

"Sasa akija mikono mitupu huwa ametumwa nini?" nikauliza.

"Ametumwa kuuliza kama nimeamka salama, Pasta."

Bi mkubwa hakuwa kwenye grupu.

Nilirudi nyumbani nikiwaza chemchemi za Mzima. Kwa miaka nilikuwa nikihubiri kwamba maji ya bomba yanayotufikia kutoka kule ni theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka. Ni hadithi tamu, na wengi mnaoisoma tafakari hii mmelelewa nayo. Mshirika mmoja mzee, aliyefanya kazi ya maji ujanani, alinisubiri mlangoni baada ya ibada na kunisahihisha kwa upole. Mzima iko Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 inatuletea maji kwa bomba lenye urefu wa kilomita 220 hivi. Lakini anayeilisha si Kilimanjaro. Ni vilima vya Chyulu.

Chyulu haina theluji. Haina hata mto mmoja wa kudumu unaopita juu yake. Vilima vyake ni vya volkano, vya mawe yenye matundu kama sifongo, na mvua ikinyesha huzama papo hapo. Kwenye migongo yake kuna misitu, na usiku ukungu hupita humo. Haupigi kelele, haujazi korongo, hakuna anayeupiga picha. Unajipaka kwenye majani na kwenye ukoga wa matawi, unajikusanya, unadondoka. Tone, kisha jingine. Maji hayo yanasafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita, gizani, kabla ya kuibuka Mzima yakiwa maangavu, viboko wakiogelea ndani yake. Kutoka hapo yanakuja kwenye ndoo zako.

Kilimanjaro nayo, ukiichunguza, inasema vivyo hivyo. Mito na chemchemi zinazonywesha Moshi na Taveta zinadai uhai wao zaidi kwa mvua na ukungu wa ukanda wa msitu kuliko kwa barafu ya kilele. Ndiyo maana mioto iliyouchoma mlima ule Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, ingepaswa kutukosesha usingizi kuliko picha za kilele kilichoota upara. Theluji tunaipiga picha. Msitu tunaunywa.

Basi yako mambo mawili ambayo milima hii imenifundisha, na nikiyatazama vizuri naona ni jambo moja. Barafu ya Kibo, kubwa na ya kutukuka, inaisha kwa kukosa kidogo cha kila majira. Chemchemi ya Mzima, isiyo na kilele wala sifa, inadumu kwa kidogo cha kila usiku. Upendo nao ndivyo ulivyo. Ule wa turubai na basi na michango ni wa kweli. Nisimdharau mtu aliyetoa shilingi yake. Lakini ukiachwa bila kufunikwa upya, vumbi huuingia, hunywa jua la shughuli zetu, nao hupaa bila hata tone kuonekana. Huwezi kutaja siku ulipomwacha rafiki yako. Unashtuka tu miezi minne imepita.

Na kumbuka Ayubu hakuwalaumu rafiki zake kwamba walikuwa vijito vidogo. Aliwalaumu kwa sababu walionekana wakubwa. Afadhali dumu moja linalokuja kuliko bahari iliyoahidiwa kaburini.

Turudi kidogo kwa Rebmann. Vitabu vinamkumbuka kwa asubuhi moja ya Mei, alipoinua macho akaona weupe. Rabai ilimjua kwa namna nyingine. Alikaa huku miaka 29 bila kurudi kwao, akijifunza lugha za watu na kuandika kamusi, waumini wake wakiwa wachache wa kuhesabika. Alipoondoka mwaka 1875 macho yake yaliyoiona theluji yalikuwa yamepofuka, akafariki mwaka uliofuata. Wazee waliokuwa jirani zake pale Rabai sidhani kama walijali sana kuhusu ile asubuhi ya 1848. Walichokuwa nacho ni mtu ambaye kesho yake alikuwepo, na mtondo alikuwepo.

Nimebakiza jambo moja la Jumamosi, nalo nalisema kwa ajili ya yule mvulana, asije akadhani nimemficha. Kile kipande cheupe nacho kilikwisha. Chai ilipomiminwa, binti wa kijiko alikwenda kuchukua kikombe chake na andazi, akapiga soga, akakisahau. Aliporudi alikuta sinia imejaa maji safi. Alisikitika kweli, na mimi sikumkemea, maana nilijiona ndani yake. Mkono wa mwanadamu huchoka. Kijiko huwekwa chini. Hata bi mkubwa wa mlango wa pili atazeeka, na mjukuu atahamia Nairobi.

Kwa sababu hiyo, yule aliyeyalia magofu ya Yerusalemu katika Maombolezo sura ya 3, alipotafuta kitu cha kushika, hakushika ukubwa wa rehema za zamani, ingawa taifa lake lilikuwa na nyingi za kusimulia. Alishika kwamba rehema za Mungu hufanywa mpya kila asubuhi. Leo hii, alfajiri, wakati sisi tunakoroma na bomba linakohoa, kimekwisha kuanguka kifuniko kipya juu yetu. Sisi nasi tunaongezewa. Mvulana wangu alisema kwamba hiyo si haki, na amesema kweli: ndiyo maana tunaiita neema. Anayejua kwamba amefunikwa upya asubuhi hii hawezi kukosa kijiko kimoja cha kumpelekea mwenzake.

Wiki hii nakuomba kitu kidogo, na usikikuze. Fungua simu yako, tafuta msiba ambao ulichanga, ule ambao grupu yake imekwisha kunyamaza. Usitume ujumbe mrefu. Usiandike mstari wa Biblia. Nenda, au piga, uulize kama wameamka salama. Kesho yake uliza tena. Na ukinunua gunia la makaa, uliza limetoka msitu gani. Mimi nimekwisha kuanza. Nilimwomba mweka hazina anirudishe kwenye ile grupu. Amenirudisha, na sasa tumebaki watu sita.

Tuombe. Ee Mungu, mwenye ghala za theluji na mwenye ukungu wa Chyulu, umetufunika leo tena bila kutukumbusha ya jana. Wasamehe waliokauka, nami nikiwa wa kwanza wao. Mbariki jirani abebaye dumu alfajiri kwa jina lake unalolijua wewe. Linda misitu inayotunywesha, na utie huruma katika mikono inayoikata na kuichoma. Tufanye kuwa watu wa siku ya nane. Amina.